Kibao Shingoni kwa Ajili ya Get

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, kipindi cha Kiingereza, kidato cha pili. Mwalimu aliandika ubaoni neno moja tu, get, chini yake akapanga sentensi kumi na nane. Kesho yake angetuuliza mmoja mmoja. "Msitafsiri," alisema. "Mkitafsiri mtapotea." Akatoka.

Mwenzangu wa dawati anatoka Zagayu, kijijini Usukumani. Kwao hata Kiswahili ni cha shule. Muhula huu ameshavaa kibao mara mbili, na baba yake amemwambia akisikia ya tatu, abaki nyumbani alime pamba. Kibao ni kipande cha mbao chenye kamba. Anavishwa anayekamatwa akiongea lugha isiyo Kiingereza, na hakivui mpaka amtaje au amkamate mwingine.

Mimi shuleni ni mtu wa kukaa kimya. Lakini nilimwona anakodolea macho daftari kama aliyepotelewa na ndama, nikamsogelea, nikaanza kwa Kisukuma. Ng'ombe wamefika nyumbani: get. Wamezeeka: get. Wamelowa: hiyo hiyo get. Wamevuka tope la mtoni: get, unaongeza kineno nyuma. Na ukinielewa sasa hivi, hata hiyo ni get.

"Bebe!" akaninong'oneza, yaani wewe! "Kwa hiyo hili neno halina kwao? Linakula kila boma?"

Nilicheka, nikamjibu kwa sauti. Kiranja wa lugha alikuwa mlangoni.

"Kumbe bubu anaongea! Tena Kisukuma! Lete shingo."

Akanivisha. "Ulikuwa unaongea na nani? Mtaje, uvue."

"Peke yangu."

Darasa zima likaangua kicheko.

Nakiri hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: mchana, watoto wa kidato cha kwanza waliponiita Mama Kibao, jina la mwenzangu lilinifika mdomoni kabisa. Jioni tukifagia uwanja, yeye mwenyewe akasema, "Nitaje tu. Mimi nimezoea."

"Na baba yako je?"

Akainama, akaendelea kufagia pale pale palipokwisha kuwa safi.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Sentensi kumi na tatu tulikuwa tumeshazielewa, mimi na yeye, na hakuna hata moja tuliyoielewa kwa Kiingereza. Tumekosa nini? Nani ameibiwa?

Asubuhi yake, mstarini, mwalimu wa zamu aliniuliza nimemkamata nani.

"Sijamkamata mtu, mwalimu. Na sitamkamata." Nilisema kwa Kiswahili.

Akasema basi nikivae wiki nzima. Nikaingia nacho darasani, nikakaa, nikafungua daftari kwenye sentensi ya kumi na nne, nikamweleza mwenzangu kwa Kisukuma, bila kushusha sauti.