Lami Chini ya Reli

Barabarani walimwita Mama Rola, na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa. Tangu usichana wake aliendesha rola, mtambo wa kushindilia lami. Siku bosi alipomwambia wanahamia kwenye reli, alidhani anataniwa.

"Lami na reli wapi na wapi?"

"Lami inakaa chini," injinia aliyekuwa na bosi akamjibu, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. "Juu ya tuta tunatandika lami. Juu yake kokoto, halafu mataruma ya kushikilia reli, halafu reli zenyewe. Maji ya mvua yakishuka, yanakuta mlango umefungwa."

"Wapi huko?"

"Bondeni."

Mama Rola akapiga makofi ya furaha. Bonde lile alilijua! Kila msimu wa mvua udongo wake uligeuka uji, tope likapanda katikati ya kokoto, na treni zikapita zikinyata kama mwizi. Baba yake, fundi wa reli mstaafu, aliumalizia mgongo wake palepale akiinua reli zilizozama.

Jioni alimpa habari mzee, wakiwa jikoni. Mzee akatua kikombe.

"Mwanangu, bonde lile kaidi. Tumelimwagia mawe tangu mama yako hajaolewa. Linameza tu."

"Safari hii tunaliziba mdomo, baba."

"Haya, zibeni. Mimi nipo."

Siku ya kumwaga ilipofika, reli zilikuwa zimeng'olewa na tuta limesawazishwa. Malori yalileta lami ya moto ikifuka moshi, na Mama Rola akawa anaifuata nyuma, huku na huku, asiipe nafasi ya kupoa. Kazi ilinoga, mpaka upepo ulipogeuka na wingu jeusi likasimama juu ya bonde. Lori la mwisho lilikuwa bado halijamwaga.

Injinia akaja mbio. "Ikilowa kabla haijashindiliwa, imeharibika! Tumwage au tulirudishe lori?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona tukikaza, tunaiwahi."

"Basi mwageni!"

Wakamwaga. Wa majembe wakasawazisha huku wakipigiana kelele, na Mama Rola akaingia nyuma yao, moyo ukimdunda kuliko injini. Alikuwa anamalizia pindo la mwisho tone la kwanza lilipompiga puani. Mvua ikashuka yote kwa mkupuo. Wote wakasimama kutazama: maji yaliteleza juu ya lami, yakakimbilia mtaroni, wala hayakupata pa kuingia. Injinia akamfuata mtamboni, wakakumbatiana wameloa chapachapa, wakicheka kama watoto.

Msimu uliofuata mvua zilinyesha bila huruma. Ndipo Mama Rola akampeleka baba yake bondeni, wakasimama nje ya uzio chini ya mwavuli mmoja. Treni ikatokea kwenye kona.

"Mbona hapunguzi mwendo?" mzee akashtuka. "Huyu dereva kichaa!"

Haikupunguza. Ilipita ikivuma, mwavuli ukapinduka, na reli hazikutikisika. Mzee akainama kuzitazama kokoto. Zilikuwa safi, hakuna hata doa la tope. Akajishika kiuno.

"Mngeanza mapema kidogo, mgongo wangu ungewashukuru!"

Wakacheka mpaka machozi. Mama Rola akamshika mkono ili warudi nyumbani, lakini mzee hakusogea, macho yake yakiwa kwenye kona.

"Twende wapi? Ngoja na nyingine ipite."