Sumaku Nyuma ya Mama wa Bibi Harusi

Kabla hamjaanza kucheka, mniache nimalize, maana watu wa mtaa wetu wa Rwezamenyo wao walianza kucheka katikati ya hadithi na mpaka leo hawajafunga midomo, nikipita kwenye maduka naitwa Sumaku, jina langu Aline limeshakufa na kuzikwa. Haya, ndiyo, nimemvua sketi mama wa bibi harusi mbele ya wakwe zake. Nakubali. Aibu ni yangu. Lakini kosa hapana, kosa tutagawana, na mkisikiliza vizuri mtaona fungu langu ni dogo.

Mimi naishi na mama mkubwa Goretti, dada yake mama yangu, yeye ndiye amenilea tangu mama afariki na sina mwingine. Ni fundi wa nguo. Alijifunza kushona Buyenzi, kule Bujumbura, walipokuwa bado wakimbizi (ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili, Kinyarwanda anakitoa akikasirika na akisali). Na ana sukari, ile ya kujidunga sindano kila siku kabla ya kula. Hiyo hakuna mteja aliyekuwa anaijua, ilikuwa siri, kwa sababu alisema fundi mgonjwa hapewi kitambaa, watu wanaogopa atakufa na nguo yao ikiwa nusu.

Sasa nyie fikirieni wenyewe, fundi na sindano! Mtu ambaye maisha yake yote anajua sindano haitupwi mpaka ivunjike, leo unamwambia ajidunge mara moja halafu atupe. Nilimwambia mpaka nikachoka. Akawa ananiangalia juu ya miwani.

"We Aline, na sindano moja nimeshona watu magauni, wakaolewa, wakazaa, nikashonea na watoto. Hii imenidunga mara moja tu, natupa? Imekosa nini?"

Imekosa nini! Alikuwa anaipangusa na kitambaa (kitambaa kile kile cha kupangusia mafuta ya cherehani, jamani), halafu anaichomeka kwenye kimto cha pini, pale pale katikati ya pini za kazi, inasubiri kesho. Na kesho kutwa. Mpaka inapinda, mpaka inauma, mpaka anafunga macho akijidunga. Mwaka huu paja likavimba, likafanya jipu kubwa, wakampasua, na daktari akamwambia mbele yangu: mama, sindano butu na chafu ndiyo imekuletea hili, na mtu wa sukari kidonda chake hakiponi haraka, ukiendelea utapoteza huo mguu, au utapoteza zaidi ya mguu. Alitikisa kichwa kwa heshima kabisa. Tukafika nyumbani akaenda kwenye kimto, akachukua ile ile.

Mtasema ni umaskini. Hapana! Hiyo ndiyo inaniuma. Pale kituo cha afya wanampa dawa pamoja na sindano mpya, na yeye anazifungia kwenye kabati nyuma ya vikombe vizuri, vile vyenye mstari wa dhahabu ambavyo mimi sijawahi kunywea tangu nizaliwe. Ni vya wageni. Na sindano mpya nazo, nadhani, zilikuwa zinasubiri wageni.

Mimi siyo mtu wa kusubiri. Nilianza kumpindia. Akimaliza kujidunga, akigeuka tu, naikunja ile sindano. Asubuhi namkuta ameinyoosha na koleo. Anaimba! Anaipiga piga na koleo na anaimba wimbo wa kanisani. Basi Jumamosi ile nikasema leo naikata, tuone kama koleo itaotesha kichwa.

Huo ndio uamuzi wangu, mdogo tu, wa mtu mwenye akili. Mama mkubwa alikuwa uani anaosha uso, mezani kulikuwa na makasi yake makubwa, nikachukua, nikaweka sindano katikati ya meno ya makasi, nikabana. Tik! Kipande kikaruka. Nikatazama chini, hakuna. Juu ya meza, hakuna. Na juu ya meza kulikuwa na kitu kimoja tu, kimekunjwa vizuri kinasubiri kuchukuliwa: mushanana ya Madamu Imakulata.

Mushanana mnaijua, lile vazi la heshima la huku kwetu, sketi pana ya satini inakusanywa kiunoni na shuka inapita begani. Madamu huyu anakaa Kiyovu, kwenye yale majumba ya zamani yenye miti, na siku hiyo familia ya mume ilikuwa inakuja kumwomba binti yake, yaani kumposa. Hata sijafikiri vizuri gari likapiga honi nje, mama mkubwa akaingia anapangusa uso, akampa dereva mfuko, akamwambia "asante sana, Mungu awabariki", gari likaenda.

Nikasimama pale na sindano isiyo na kichwa mkononi. Kipande kile kina damu ya mama mkubwa, kimo ndani ya satini ya mtu, na mtu huyo atakaa juu yake mbele ya wageni wake wote. Ningesema? Ningesema, ndiyo. Lakini kumwambia mama mkubwa nimefanya nini ilikuwa ni kazi ndefu, na kukimbia ilikuwa kazi fupi. Nikabeba sumaku (ile tuliyotoa kwenye spika ya redio iliyokufa, mafundi wote wanayo, ya kuokotea pini sakafuni), nikapanda pikipiki, nikamwambia kijana: "Kiyovu, na usiniongeleshe."

Getini mlinzi akanisimamisha. "Wewe nani?"

"Natoka kwa fundi. Kwenye mushanana ya mama kuna uzi haujakatwa."

Akaniachia. Uongo huo mpaka leo naona ulikuwa mzuri.

Sherehe ilikuwa imeshaanza. Mahema mawili yanatazamana kwenye majani, huku familia ya binti, kule familia ya mume, na msemaji wao, mzee mmoja mwenye fimbo ndefu, yuko katikati ya maneno yake matamu, eti wamepotea njia kwa sababu waliona ua linang'aa kwenye bustani ya hapa. Madamu Imakulata alikuwa amekaa mbele kabisa. Sasa mimi ningefanya nini? Ningenyoosha mkono niombe ruhusa? Nikapita nyuma ya viti, nikapiga magoti, nikaanza kupitisha sumaku polepole kwenye satini, juu, chini, pembeni, kwenye mikunjo, na niseme tu kwamba yule mama Mungu hakumnyima kitu, kulikuwa na mahali pengi pa kutafuta.

Mara sumaku ikashika. Tap! Nikasema nimekupata, shetani. Nikavuta. Ikagoma. Nikavuta kwa nguvu.

Wakati huo huo mzee wa nyumba akasema, "Mama, hebu simama uwasalimie hao waliopotea njia," watu wakacheka, wakapiga makofi, na Madamu akasimama.

Kumbe nilichoshika ni epengele, ile pini kubwa ya kujifungia ambayo ilikuwa imebeba kiuno chote. Yeye akaenda, mimi nikabaki, na sketi ikabaki na mimi.

Namshukuru Mungu alikuwa na sketi ya ndani, nyeupe, ndefu, ya adabu. Lakini nani aliangalia adabu! Mzee wa fimbo alisimama na mdomo wazi, ua lake likakauka hapo hapo. Halafu shangazi mmoja akapiga kelele, "Mshike huyo! Ana kitu mkononi!"

"Ni dawa! Kadude keusi ka kienyeji, angalieni!"

"Mchawi! Ametumwa na upande ule!"

Na upande ule wote wakaruka: "Siyo wetu! Huyo siyo wetu!"

Madamu mwenyewe, amejifunga shuka ya jirani, akanisogelea na kidole. "Mutoto wa nani wewe? Nani amekutuma kuniroga siku ya mutoto wangu?"

Na mimi mnanijua. Nikiitwa mwizi naweza kunyamaza, lakini mchawi? Mimi nimesoma bayolojia! Nikasimama na sketi yake begani, nikapaza sauti mpaka hema la pili:

"Siyo uchawi! Ni sumaku! Natafuta sindano ya sukari ya mama mkubwa Goretti fundi wenu, anatumia moja mwezi mzima kama mtu hana akili, nikaikata, ikarukia humu!"

Halafu mzee mwenye fimbo akauliza taratibu, "Imetumika?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Yewe! Mngeona familia mbili za heshima zinavyoruka kutoka kwenye viti. Watu wanakung'uta makoti, wanawake wanatikisa mishanana, mzee alipanda juu ya kiti na fimbo yake kama mtu aliyeona nyoka, bibi harusi akachungulia dirishani akaanza kulia. Na katikati ya hayo getini anaingia nani? Mama mkubwa. Na ndala za nyumbani, miwani kwenye paji la uso, mkononi makasi. Alikuwa amekuta pengo kwenye meno ya makasi, akakuta na sindano bila kichwa niliyoiacha mezani, akaelewa yote bila kuambiwa.

Mnadhani alisema nini? Pole Madamu? Hapana.

"Aline! Umekata chuma na makasi yangu ya kitambaa?"

"Mama mkubwa, sindano iko ndani ya..."

"Nyamaza. Simama hapo. Usitikisike." Akashusha miwani. Yule mama macho yake yanaona pini kwenye zulia kutoka mlangoni. Akanyoosha ncha ya makasi mpaka kwenye sweta yangu, hapa kifuani, chini kidogo ya shingo, akachomoa kitu kidogo kinang'aa, akakiinua mbele ya wote.

Ilikuwa juu yangu. Nimepanda nayo pikipiki kutoka Rwezamenyo mpaka Kiyovu, nimemkagua mama wa watu kila kona, na ilikuwa imenikaa mimi mwenyewe kifuani kama medali.

Sasa njoo usikie kilichonikasirisha kuliko kicheko. Walitupeleka chumbani, mama mkubwa apange sketi upya. Kile kipande tulikitia ndani ya chupa ya plastiki, nikafunga kizibo. Mama mkubwa anashona, machozi yanamtoka, sababu siri yake sasa iko kwa wateja wote wa mji. Madamu akafunga mlango. Akashusha sauti.

"Goretti. Kumbe na wewe?"

"Ndiyo, Madamu."

"Mimi yangu nabadilisha Jumapili. Kabla ya misa."

Jumapili! Kabla ya misa! Yeye mwenye friji mbili, aliyeniita mchawi! Akafungua mkoba, akatoa sindano yake imefungwa kwenye leso yenye maua, mama mkubwa akainua chupa yenye kipande chake, wakaangalia ya kila mmoja kama watoto wanalinganisha vidonda. Mama mkubwa akaangalia ncha ya ile ya Madamu, akasema kwa sauti ya kazi kabisa, "Hii imekufa. Hata satini haiingii." Nikaona amesikia mwenyewe alichosema. Akashika paja lake, pale penye kovu.

Mimi nikapasuka. Niliwaambia yote, nililia, niliwaambia sitaki kuzika mama wa pili kwa sababu ya sindano wanayoigawa bure, na kama wanaona hasara basi wanishone mimi mdomo nayo. Chakula kilikuwa kinaandaliwa nje, wote wawili ilikuwa saa yao ya dawa, na mama mkubwa yake hutembea nayo mfukoni. Madamu akafungua droo, na humo droo, nyuma ya mashuka, mpya zilikuwa zimejaa. Za wageni na yeye! Kila mmoja akachukua yake, ikitoka kwenye karatasi yake, na mama mkubwa alipojidunga akafungua macho.

"Aa," akasema. "Haiumi."

Nikashika chupa mbele yao kama mtoza sadaka. Sindano zote zikaingia, mpya na za zamani.

Basi. Chupa ile sasa iko nyumbani juu ya kabati, ngumu, ina kizibo, ikikaribia kujaa naipeleka kituo cha afya. Wateja hawakukimbia, wamezidi, na wengine wanakuja bila kitambaa, wanauliza chinichini eti chupa ya aina gani. Makasi nimeyalipia kwa kutukanwa, na matusi hayajaisha. Na mimi naapa hapa mbele yenu: sindano sitaikata tena, si kwa makasi, si kwa koleo, si kwa meno, inaingia kwenye chupa ikiwa nzima, na mkinikuta tena nimepiga magoti nyuma ya mtu, jueni nasali.

Jana nimerudi nikamkuta mama mkubwa amekaa mezani anakunywa chai, na kikombe ni kile chenye mstari wa dhahabu. Nikatazama huku na huku.

"Mama mkubwa, mgeni yuko wapi?"

Akaniangalia kama mtu anaangalia mjinga. "Si mimi hapa."

Nikachukua kikombe nikaonja kwanza. Haikuwa na sukari. Nikamrudishia.