Shorobune Ilivyokataa Kuondoka

Ijumaa hiyo, siku yetu ya ibada huku Uarabuni, nilimwomba Mungu msamaha mapema, maana badala ya kwenda kanisani Mesaimeer nilikuwa nakwenda baharini kumuaga mume wa mtu. Mume mwenyewe alifia kwao Nagasaki, na mkewe, bibi mzee ninayemtunza hapa Doha, alikuwa amekatazwa na daktari kupanda ndege. Desturi yao ni kwamba mwaka wa kwanza baada ya msiba, mwezi wa nane, jamaa humtengenezea marehemu chombo kidogo na kumsindikiza majini. Asiposindikizwa, hahesabiwi kuwa amefika. Mwanawe, mwajiri wangu, alikuwa safarini kikazi, basi mzigo ukaniangukia mimi mtu wa Limuru, niliyekua nikiyajua maji ya pipa tu.

Nyumbani kwake, Al Sadd, tulikuwa tumekisuka chombo hicho jikoni, kwa majani ya mtende na karatasi. Shosho (ndivyo ninavyomwita, kama tunavyowaita bibi zetu Limuru, naye amelipenda jina) alinifundisha huku mikono ikifanya kazi. Mumewe alikuwa fundi wa vyombo vya mbao, kwa hiyo nyumbani kwao majina ya vyombo yalikuwa mengi kama kwetu majina ya chai na ng'ombe. Fune ni chombo chochote. Watashibune huvusha watu mtoni. Yakatabune ina paa, na watu hustarehe humo wakila. Takarabune huchorwa imejaa hazina, ukailaza picha hiyo chini ya mto wa kulalia mwaka mpya upate ndoto njema. Hii yetu, ya marehemu, ni shorobune. Ndani yake aliweka chungwa, kwa sababu mzee aliyapenda machungwa.

Tulipopita Mesaimeer niliwaona wenzangu wakishuka kwenye mabasi na nguo zao za ibada. Nilimkumbuka baba. Alizikwa nikiwa huku, nikatazama kwenye simu, mtandao ukakatika kabla ya udongo kuingia.

Ufukweni Wakra tulifika jua likiwa bado na huruma. Dereva wetu, Waiswa, ni mtu wa Jinja, na mdomo wake haulali.

"Nyabo, bibie, niachie mimi," alisema akikunja suruali. "Nimezaliwa kando ya ziwa. Chombo unakisukuma, kinaenda. Basi."

Shosho aliunganisha viganja, akainama. Waiswa akasukuma. Shorobune ikaenda hatua chache, ikageuka, ikarudi taratibu mpaka miguuni pa Shosho. Akasukuma tena, kwa nguvu zaidi. Ikarudi tena. Hata mimi wa pipa niliona kwamba maji yalikuwa yamelamba viatu tulivyoviacha mchangani.

"Waiswa, hayo maji si yanakuja?"

"Yanakuja wapi? Ziwa haliji!"

"Na hii ni ziwa?"

Aliokota viatu vyetu, akavisogeza juu. Nilimgeukia Shosho nikiwa na aibu tele. Mwanamke wa watu alikuwa amesuka kwa majuma, na sisi wawili wa bara tulikuwa tumemharibia safari ya mumewe. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikaanza kuomba radhi.

"Nilijua maji yanajaa," alinikatiza kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mimi ni mke wa fundi wa vyombo. Saa hii niliichagua mwenyewe. Nilitaka anirudie kidogo, ndipo aende."

Nilimfungulia mwavuli, Waiswa akaleta maji ya kunywa, tukakaa. Shorobune ilikuwa mapajani mwake, naye akazungumza nayo kwa lugha yao, mara nyingine akicheka. Joto lilituchoma kweli, lakini hakuna aliyesema twende. Maji yalipoanza kupwa, alisimama bila kushikwa mkono, akaiweka mwenyewe. Safari hii haikugeuka.

Wakati wa kurudi alilala kwenye gari, uso umelegea. Mimi nilikuwa nahesabu makosa yangu kwa baba. Mwaka mzima nimekataa likizo, nikijidanganya kwamba nisipoliona kaburi, bado yupo nyumbani anakunywa chai. Shosho aliomba asubuhi moja tu, kisha akamwachilia.

Ndiyo maana nakuandikia, Mama: nimeomba likizo ya Desemba na nimekubaliwa. Tafadhali mwambie kaka asilipalilie kaburi la baba. Niachieni magugu yote, niyang'oe mwenyewe, polepole.