Cherehani ya Mama Katika Mfuko Mmoja

Kibali changu kilisema nakwenda Mara kujifunza maisha ya vijiji vya ujamaa. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu Rehema. Aliolewa Nyamuswa na kijana tuliyemfahamu alipokuwa akikata mkonge hapa kwetu Korogwe, na sasa mumewe alikuwa amefariki. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka huko alituletea habari: ukoo ungekaa kikao baada ya mavuno ya pamba, na Rehema angetakiwa ama ahamie kwa shemeji yake Makuru, ama aondoke na kuwaacha watoto. Kulikuwa na upenyo mmoja tu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba hawana fundi wa nguo, na kwamba atakayeleta kazi hiyo atapewa kiwanja kwa jina lake, awe mwanamke au mwanamume.

Mama aliposikia hayo aliinuka, akaifuta vumbi cherehani yake ya mkono. "Mpelekee," akasema, kana kwamba Nyamuswa ni nyumba ya pili.

Kwa bahati ushirika wetu wa akina mama ulinichagua kwenda kwenye ziara ya vijiji vya huko. Nilifurahi mpaka siku tuliyokutana na kiongozi wa msafara, Ndugu Wambura, mwenyeji wa Musoma, mrefu, mwenye koti la kijivu asilolivua hata jua liwake vipi. "Mfuko mmoja kwa kila mjumbe," alisema. "Usioinuka kwa mkono mmoja, unabaki stesheni."

Cherehani ile ilikuwa ya chuma kitupu. Niliiondolea kifuniko chake cha mbao, nikaifunga ndani ya khanga mbili, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa turubai. Nafasi iliyobaki ilitosha mswaki na kipande cha sabuni. Gauni langu lilikuwa moja, nalo nililivaa. Wenzangu wa Lushoto walijaza masweta, eti ziwani kuna baridi.

Asubuhi ya safari, pale stesheni, Wambura alipita akiinua mfuko mmoja mmoja. Nilikuwa nimejizoeza nyumbani kuubeba wangu huku nikicheka. Kabla hajanifikia niliuinua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nikampa wa kulia kumsalimu.

"Mwepesi, Ndugu Anjelina?"

"Si unauona."

Bega liliniuma hadi Tabora.

Musoma tulifika kwa meli kutoka Mwanza, upepo wa ziwa ukitupiga usoni. Tulilala Buhare, pembezoni mwa mji, tukala samaki aina ya sato kwa ugali wa udaga, ule unga wa muhogo. Mpishi alikuwa mtu wa Nyamuswa. Nikamuuliza, kwa sauti ya kupitisha muda tu, kama kikao cha ukoo wa kina Makuru kimeshafanyika.

"Bado," alisema. "Ni keshokutwa. Yule mjane tunamwonaga kisimani, hazungumzi na mtu."

Kwa ratiba ya Wambura, keshokutwa tungekuwa njiani kwenda Bunda. Nyamuswa tungesimama kidogo tu kutazama pamba. Kama gari lingechelewa, kikao kingemalizika bila mimi. Na kama Wambura angeugundua mfuko wangu, hata kufika nisingefika nao.

Butiama tulipokewa na akina mama wa kijiji kwa vigelegele, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kule mgeni habebi mzigo wake mbele ya wenyeji. Mama mmoja mnene, Mama Wegesa, alinijia mbio, akaushika mfuko wangu kabla sijaukumbatia.

"Yesu wangu! Mama, umebeba mawe?"

Kila mtu aligeuka. Wambura akaja, akaugusa, akaufungua. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilimweleza yote palepale: Rehema, watoto, kikao, kiwanja. Maneno yalitoka hovyo na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole, ndugu yangu," alisema. "Lakini lori tulilopewa ni bovu na njia imelowa. Nikikuruhusu wewe, kila mtu atadai lake. Kitu hiki kibaki hapa ofisini. Kitatafutiwa gari baadaye."

"Baadaye lini?"

Aliinama kuuchukua mfuko. Mama Wegesa akausogeza nyuma ya miguu yake.

"Ngoja, Ndugu kiongozi. Hii mzigo nimeipokea mimi?"

"Umeipokea."

"Basi siyo ya mgeni tena. Sisi tukipokeaga mzigo wa mgeni, ni wetu mpaka mgeni aage. Na kesho si tunawasindikiza mpaka Nyamuswa? Tutakwenda nayo. Wewe ni mtu wa huku, unajua."

Wambura alimtazama, akanitazama mimi, akatazama wale akina mama waliokwisha kumzunguka. Alijua. "Lori likikwama, mtaibeba," alisema, akaondoka.

Kwenye njia ya Nyamuswa, kesho yake, lilikwama kweli. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha udongo mweusi, magurudumu yakazama nusu. Tulishuka wote. Wanaume walisukuma, Wambura wa kwanza, na nilisikia koti lake likichanika kutoka kwapani. Lori halikutikisika. Jua lilikuwa limepanda sana, na mimi nilikuwa nikihesabu kichwani watu wanaoketi, wanaosalimiana, wanaoanza kusema.

"Twende," alisema Mama Wegesa, akajitwisha mfuko kichwani.

Tulikwenda kwa miguu, yeye na mwenzake wakipokezana mzigo, mimi nikifuata na gauni langu la pekee likiwa tope hadi kiunoni. Kwenye kijito Mama Wegesa aliteleza. Mfuko ulianguka majini. Niliuopoa, nikapapasa mkono wa cherehani ndani ya khanga. Ulikuwa umekaza, hauzunguki.

Nyamuswa tulifika wazee wakiwa wameshaketi uani, mwenyekiti wa kijiji kati yao. Rehema alikuwa amekaa chini, pembeni, amekonda. Aliponiona hakuinuka, alifunika uso kwa khanga. Makuru, shemeji yake, alinisalimia kwa heshima na kunipa kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikanishinda.

"Mimi sina ubaya na shemeji," alisema. "Nataka watoto wa kaka wasitawanyike. Mwanamke peke yake atawalishaje?"

Niliifungua khanga. Maji yakachuruzika. Rehema aliitambua cherehani, akaja akitambaa, akajaribu kuizungusha. Haikwenda. Mzee mmoja akakohoa. Rehema aliomba mafuta ya taa, akayadondosha kwenye matundu aliyoonyeshwa na mama tangu akiwa msichana, akazungusha nyuma, mbele, nyuma. Kisha ule mlio ukatoka, ko-ko-ko, kwa sababu cherehani ile ina jino moja bovu na haijawahi kushona kimya.

"Inalia tu," mzee akasema. "Inashona?"

Wambura ndipo alipoingia, amejaa tope, akitutafuta. Alisikia swali. Alisimama kidogo, kisha akalivua lile koti lake.

"Bunda nasubiriwa na wakubwa," alimwambia Rehema. "Nishonee, mama."

Rehema alishona mbele ya ukoo mzima. Wambura alilivaa, akanyoosha mikono juu, mshono ukashika. Mwenyekiti akasema kijiji kimepata fundi, na kiwanja kipo jirani na shule. Wazee walimgeukia Makuru.

"Kiwe karibu na kwangu," alisema hatimaye, "nipate kuwaona watoto."

Rehema aliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipolia.

Bunda nilikula na kulala kama mgonjwa aliyepona. Asubuhi ya kurudi, Wambura aliupima mfuko wangu kwa kidole kimoja. "Sasa ndiyo mfuko wa msafara," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Korogwe nilirudi na gauni lilelile. Ushirika waliniuliza juu ya vijiji, nikawaeleza: mashamba ya pamoja, pamba, na kwamba huko mgeni akishapokewa, mzigo wake una mwenyewe mwingine.

Mama hakuuliza hayo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya meza tupu, kifuniko cha mbao kikiwa bado juu yake.

"Bado inapiga kelele?"

"Bado, mama. Ko-ko-ko."

"Vizuri," alisema. Mkono wake wa kulia, juu ya meza, ulikuwa ukizunguka polepole.