Nyaya Alizofunga Mume Wangu

Mume wangu alijenga jengo letu la Kapsoit pole pole, kila bonasi ya majani chai ilipoingia. Mbele yalikuwa maduka ya kukodisha, nyuma vyumba tulivyoishi. Umeme wa ndani aliufunga mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha chai kwa miaka mingi, akiwatazama mafundi, akaona hiyo kazi haimshindi.

Alifariki katikati ya miaka ya tisini. Watoto wetu walikuwa wameshaondoka, mmoja Nakuru, mwingine ameolewa upande wa Bomet. Watu walijaa nyumbani siku za mazishi, kisha wakarudi kwenye mashamba yao. Nikabaki na wapangaji.

Haukupita muda akaja kijana aliyetaka kukodi duka la mwisho afungue kinyozi. Aliomba mita yake mwenyewe, na kampuni ya umeme ikamtuma mkaguzi, mtu mpole aliyevaa koti la mvua. Alipanda ngazi, akachungulia darini, akakaa huko juu kwa muda. Aliposhuka alinieleza kwamba jengo la biashara halipewi mita mpya bila cheti cha fundi mwenye leseni. Tena, kwa aliyoyaona, hata umeme tuliokuwa nao ilibidi aukate mpaka nyaya zote zibadilishwe. Sikubishana. Nilimwuliza tu kama zingeweza kuua mtu.

"Mama, ni bahati tu hazijaua," akasema.

Neno hilo liliniuma. Kila mgeni aliyewahi kuingia kwetu nilimwonyesha taa nikimwambia ni kazi ya mume wangu. Sasa nilitamani nimwendee nimwambie alivyosema mkaguzi, maana najua angecheka, na mimi ningecheka. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia ambaye ingemchekesha.

Fundi alitoka Kericho mjini. Alizivuta nyaya darini akizitupa uani, za kila rangi, nyingine zimeungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mshonaji aliyekodi duka la kwanza alitoka kutazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake. Mimi niliendelea kuchambua mboga.

Fundi alipofika chumbani kwangu aliniita. Ukutani, upande wangu wa kitanda, palikuwa na swichi. Mume wangu aliiweka pale nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba, miguu imevimba, ili nizime taa bila kuinuka.

"Hiyo niachie," nikamwambia. "Hata kama haitawasha kitu."

Fundi alisimama na bisibisi mkononi. "Nikiiacha na waya wake siwezi kutia sahihi kwenye cheti, mama. Na nikiukata waya, itabaki plastiki tu."

Niliitazama. Ilikuwa imechakaa mahali pa kidole. Nikamwambia aitoe. Kwa wema wake akasema angeweza kuweka mpya pale pale, lakini nilikataa. Sikutaka ya mtu mwingine. Akaziba tundu kwa saruji, swichi mpya akaiweka karibu na mlango.

Cheti kilipatikana, mkaguzi akarudi kupima, umeme ukawashwa. Wapangaji walifurahi. Binti yangu alikuja kunitazama, akasema nyumba sasa ni salama, na ilikuwa kweli. Alishinda nami siku hiyo, kisha akaenda kuwahi kukamua ng'ombe wake.

Kijana alifungua kinyozi chake na kuleta redio. Kila mchana mvua ilipoanza, nilichukua kikombe changu cha chai nikaenda kuketi kwenye benchi la wateja. Mwanzo alidhani nimekuja kwa mambo ya nyumba, baadaye akazoea, hakuniuliza tena. Wanaume walizungumza habari za chai kukataliwa kituoni inakopimwa na barabara kuharibika, nami nikasikiliza. Wateja walipoongezeka na benchi likajaa, niliinuka, nikazunguka nyuma, nikawasha moto wa jioni.