Jina la Mke Wangu Katika Baraza la Siyu

Kila nikimwombea dua mkwe wangu, Bwana Athumani wa Siyu, nacheka peke yangu. Ndiye aliyefanya swali la jina la mke lifutwe kwenye fomu ya serikali.

Mimi karani nilitumwa nikawasomee wazee fomu mpya ya kuhesabu watu, watoe maoni kabla haijachapishwa. Wakakataa kutaja majina ya wake zao mbele ya wanaume.

Nikawacheka. "Jina ni jina, wazee! Aibu iko wapi?"

"Basi anza wewe, mwanangu," akasema mkwe, aliyekuwa miongoni mwa wazee hao.

Aibu ikanishika mimi pia. Nilikuwa na mwezi mmoja tangu nioe. Sikuwa hata na mtoto wa kumwitia mamake. Nikaropoka, "Mama Fatuma!"



"Alhamdulillahi," akasema mkwe wangu taratibu. "Na huyo mjukuu wangu mmemficha wapi?"