Udongo wa Kambi ya Wapagazi

Nimestaafu na magoti yamegoma, lakini vijana niliowafundisha kazi ya kupima udongo walinibembeleza mwezi uliopita niende nao kwenye msitu wa mlima Rungwe. Walisema, mama, wewe kaa tu utuangalie. Mimi sijui kukaa tu. Walipomaliza kuchimba shimo lao, mahali penye mteremko mkali hata tulikuwa tunajishikilia kwenye mizizi, niliingia mwenyewe nikachota udongo kwa kiganja.

Kama hujawahi kushika udongo uliotokana na majivu ya volkano, rafiki yangu, sijui nikueleze vipi. Ni mweusi, na mwepesi hata unadhani hujashika kitu. Ukiubana, maji yanatoka ambayo hukuyaona. Ukiusugua kwa kidole gumba unateleza kama sabuni. Mvua inyeshe inavyotaka, wenyewe unakunywa tu, na ndiyo maana miti imesimama mahali ambapo hata mbuzi angepata taabu kusimama. Lakini ikate miti hiyo, uache jua lipige. Udongo unageuka vumbi, na ukishakauka namna hiyo, hata uumwagie pipa zima la maji haurudi ulivyokuwa. Niliwaeleza vijana hayo yote, nao wakaandika.

Kisha, bila kufikiri, nikatia kidogo ulimini. Ulikuwa na chumvichumvi ya mbali, ya majivu. Nikakaa kwenye ukingo wa shimo nikalia, na vijana wa watu wakaanza kunipekua miguu wakidhani nimeumwa na nyoka.

Kwetu hakuna volkano. Mimi ni mtoto wa Unyamwezi, nchi tambarare ya mchanga na miombo, saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Usoke. Mama alikuwa na maisha yake Tabora mjini, kule Mtendeni, nami nililelewa na bibi, mzaa mama. Majivu yetu sisi yalitoka mekoni. Shamba la bibi lilikuwa pale pale ambapo zamani misafara ya kwenda Ujiji ilipiga kambi, na bibi yake yeye aliwauzia wapagazi chakula. Watu wengi walipika pale kwa miaka mingi, wakaondoka asubuhi na kuacha majivu. Reli ilipokuja misafara ikafa, na wenyeji wakaanza kulima juu ya yale majivu. Nilipokuwa napalilia nilikuta vigae vya vyungu, mafiga yaliyoungua, na ushanga wa bluu ambao nilikuwa nautunza kwenye kopo la dawa ya mswaki.

Katika nchi nzima ya mchanga wa kijivu, kipande kile kilikuwa cheusi. Mvua za kwanza ziliponyesha tulizika majani chini ya matuta, na baada ya siku chache ukipitisha mkono ndani ya tuta unakuta joto. Viazi vya pale vilikuwa vinene, jembe lilikuwa linavikata kwa bahati mbaya, na bibi akinisonya kila nilipokata kimoja. Kiangazi tulivimenya, tukavikata vipande, tukavianika juu ya mwamba vikawa michembe. Mpaka leo nikisikia harufu ya michembe inayochemka na karanga nakuwa na miaka kumi na moja. Mchana kwa mbali tulisikia treni ya Kigoma ikipiga honi, na bibi alisema treni ina kelele nyingi kwa kitu kisichojua kulima.

Bibi alikuwa anaonja udongo. Si kwa mzaha. Aliuchukua kidogo, akaupikicha kwa mate, akaunusa, akaugusisha ulimi, akatema, akasema: hapa karanga, hapa uwele, hapa usihangaike. Watu walimfuata kutoka mbali. Mtu anataka kufungua shamba jipya, anakuja na udongo umefungwa kwenye jani, anapiga magoti, anaamkia, mwangaluka bibi, anauweka mbele yake. Hakuwa akitoza kitu. Sijawahi kusikia mtu akisema alikosea. Mimi alinifundisha tangu sijaota meno ya pili, akiniita mke mwenza kama bibi zetu wanavyotutania, na nilikuwa naweza kutofautisha aina sita nimefumba macho.

Shuleni, hata hivyo, sifa hiyo haikuwa sifa. Siku moja kwenye shamba la shule nilionja udongo bila kujua kwamba naangaliwa, na tangu hapo wenzangu wakaniita Mla Udongo. Nilikuwa wa kwanza darasani, naimba mbele kwenye kwaya ya siasa, nasoma gazeti kwa sauti wageni wakija. Lakini jina lile lilinifuata mpaka chooni. Nililichukia, na kidogo kidogo nikaanza kumwonea haya bibi.

Ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa. Sisi tuliokaa tumetawanyika porini tulitakiwa tukae pamoja, tupate shule, zahanati na bomba. Bibi hakupinga. Alisema kukaa na watu si vibaya, tatizo ni watu watakula nini. Palitajwa mahali pawili: kwenye uwanda karibu na barabara, au kwetu, kwenye kambi ya wapagazi. Mkutano uliitishwa shuleni, na bwana shamba angekuja kutoka wilayani asikilize wananchi kabla ya kuamua. Bibi alikuwa amejikata mguu kwa jembe, hawezi kutembea. Kwa hiyo alinituma mimi.

Alinifungia vifurushi viwili vya kitambaa cha kanga. Kimoja kilikuwa na udongo wa uwandani, ule wa kijivu, ambao alinituma niufuate siku iliyotangulia. Kingine kilikuwa na wetu. Akaniambia nimpe bwana shamba mkononi, nimwombe kwa heshima aonje ule wa kijivu kwanza, halafu mweusi.

“Usimweleze kitu,” alisema. “Kama alilelewa na mwanamke anayelima, ulimi wake utamwambia.”

Bwana shamba alikuja amevaa shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, viatu vinang'aa. Kwaya ikaimba, nami niko mbele, vifurushi nimevificha kwenye mfuko wa sketi. Kila nikimtazama yule bwana nilijiona namwambia, shikamoo, bibi amesema ule udongo, na shule nzima ikiangua kicheko. Wimbo ulipokwisha niliomba ruhusa, nikaenda nyuma ya jiko la shule, nikavimwaga vyote viwili kwenye majani. Vitambaa nikavikung'uta vizuri, nikavikunja, nikarudi nikakaa.

Bwana shamba aliuliza kama kuna mwenye neno kuhusu ardhi. Aliuliza mara mbili. Jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, aligeuka akaniangalia, maana bibi alikuwa amemwambia kwamba mimi nina ujumbe. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Baada ya hapo mwalimu mkuu akasifia uwanda, kwamba lori litafika kwa urahisi, watu wakapiga makofi, na ikawa hivyo.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa amekaa mlangoni, mguu umefungwa, anabangua karanga. Alikuwa ameshasikia, habari mbaya hazitembei kwa miguu. Hakuuliza kwa nini wamechagua uwanda. Aliuliza kitu kimoja tu.

“Mke mwenzangu, aliuonja?”

“Aliuonja, bibi.”

“Vyote viwili?”

“Vyote viwili. Akasema wetu umechoka.”

Sijui nilitoa wapi maneno yale. Huenda niliyasikia kwenye somo la kilimo. Bibi aliacha karanga, akaangalia kiganja chake muda mrefu. “Basi labda ulimi wangu ndio umechoka,” akasema. Nilitaka kumwambia palepale. Niliingia ndani nikapika.

Tulihama kiangazi hicho, milango na nguzo zetu juu ya lori. Nyumba zilipangwa kwenye mstari, na kusema kweli sisi watoto tulifurahi, maana palikuwa na watu wa kucheza nao. Mvua zikaja. Maji yakasimama juu ya ardhi siku nzima, siku ya pili, siku ya tatu, kisha jua likatoka na ardhi ikakauka ngumu ikapasuka. Viazi tulivyochimba mwaka ule havikuzidi ukubwa wa kidole. Tukala unga wa njano wa msaada, tukipanga foleni na vikapu.

Lakini si njaa inayoniuma. Njaa ilikuja kwa wengi na ikaondoka. Kinachoniuma ni kwamba bibi aliacha kuonja. Majirani walipomletea udongo kwenye jani, kumwuliza kwenye uwanda ule wapi angalau pana nafuu, aliwarudisha. Aliwaambia waende kwa bwana shamba, ndiye anayejua. Mama mmoja alimbembeleza mpaka akalia, naye akamjibu kwa upole kwamba hataki kumpotezea mbegu. Msimu wa pili alinishika mkono akanipeleka kwenye kiwanja chetu, akaniuliza mimi. Bibi yangu, aliyenifundisha, aliniuliza mimi: wewe uliyesoma, tupande wapi? Nikamwonyesha kona moja kwa kidole, kwa kubahatisha tu. Alipanda pale mbegu yote. Haikuota hata nusu.

Nilijaribu kumwambia, mara moja. Tulikuwa tunasaga, nikaanza, “Bibi, ule udongo wa siku ile...” Akanikatiza, akasema achana nao, ule umeshaisha. Sauti yake haikuwa na hasira, nami nikashukuru kukatizwa. Mwaka uliofuata akafa kwa homa. Vijana walianza kuchimba kaburi alfajiri wakamaliza jioni, kwa sururu, na mmoja alilalamika kwamba hajawahi kuona ardhi inayochukia watu hivi.

Nilisoma nikawa mpima udongo. Watu hudhani nilichagua. Miaka mingi baadaye kazi ilinileta Usoke, nikawaambia wenzangu tupite mahali fulani porini. Tukachimba shimo kwenye kambi ya wapagazi. Tabaka jeusi lilikuwa bado lipo, lilinifika juu ya goti, lina mkaa na vigae. Nilichota kiasi nikakitia kwenye mfuko wa kazi, nikaandika namba, nikakipeleka kupimwa kama udongo mwingine wowote. Karatasi ya majibu ilirudi ikisema kwa lugha yake kavu kwamba udongo huu ni mzuri kuliko wowote tuliouchukua katika wilaya ile.

Nikaenda na karatasi ile kijijini. Wa zama zetu alikuwa amebaki yule jirani, balozi wetu. Macho yalikuwa yamemwisha na alikuwa anachambua majani ya tumbaku kwa kuyapapasa. Nilimpa shikamoo, nikamsomea karatasi, na nikamweleza yote, vifurushi, majani nyuma ya jiko, na nilivyomwambia bibi. Nilikuwa sijawahi kumweleza mtu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi ya mikono.

“Najua,” akasema. “Alikuja kuniuliza.”

“Nani?”

“Bibi yako. Alikuja usiku uleule, anakokota mguu. Hakukuamini. Akaniuliza, wewe ulikuwepo, ni kweli yule bwana aliuonja? Nikaona nikisema hapana atakuchapa. Ulikuwa mtoto mdogo. Nikamwambia ndiyo, aliuonja mbele yangu.”

Miaka yote ile nilijua ni mimi peke yangu niliyemdanganya bibi, na kumbe uongo wangu haukumtosha. Alimjua mjukuu wake. Alitembea na jeraha kwenda kwa mtu mzima aliyemheshimu, na huruma ya mtu huyo ndiyo iliyommaliza.

Siku hizi kwenye kambi ya wapagazi miti imekwisha, imekatwa kukausha tumbaku, na mvua inaubeba ule udongo mweusi kila mwaka. Sijui kama umebaki wa kutosha kiganja. Kijijini hakuna bibi yeyote anayeletewa udongo kwenye jani, na nilipowauliza vijana wa pale walicheka kwa adabu.

Siku ile ya karatasi yule mzee aliniomba nimshike mkono twende makaburini nikamsomee bibi karatasi. Makaburi ya wakati ule hayakujengewa saruji, na maji yanayopita juu ya ardhi ile yameyasawazisha yote. Mzee haoni, na mimi sikukumbuka. Nikasimama katikati ya kiwanja, nikafungua karatasi, nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Wa pili sikuweza.